Piesi za gari Lubumbashi: nani anakuuzia kilichoandikwa kwenye boksi?

Ingia duka lolote la piesi (spea) Lubumbashi, sema unataka amortisa (shokabzoba) za nyuma za Toyota IST, kisha nyamaza. Muuzaji mmoja atakutajia bei palepale na kugeukia rafu. Mwingine atauliza: "Papa, chasi ni ipi?" Huyo wa pili ndiye wa kununua kwake, hata kama bei yake inauma kidogo. IST ya kwanza ilitoka na chasi NCP60 yenye injini ya lita 1.3, NCP61 ya lita 1.5, na NCP65 ya lita 1.5 inayovuta kwa magurudumu manne, ambayo nyuma yake imeundwa kivingine. Baadaye ikaja ya pili, NCP110 na ndugu zake. Anayekupa "za IST" bila kuuliza anabahatisha, na anabahatisha kwa fedha yako.

Tathmini hii ni ya aina za wauzaji, si ya duka moja. Majina hatutaji, kwa sababu duka lilelile laweza kuwa na rafu safi upande huu na boksi za kughushi upande ule, na mzigo wa mwezi huu si lazima ufanane na wa mwezi ujao. Tumepima mambo yanayoonekana kaunta: kama muuzaji anauliza chasi, kama anakuruhusu kufungua boksi kabla hujatoa dola, kama anakubali kuandika namba kamili ya piesi kwenye fakture (ankara), na kama kitu kisichoingia kinarudishika.

Kwanza tujue nini kiko rafuni, maana karibu kila kitu huuzwa kwa jina la orijini. Orijini yenyewe ni ile ya boksi la mtengenezaji wa gari. Kisha kuna piesi za viwanda vinavyomtengenezea: Denso, Aisin, KYB na Advics huipa Toyota piesi, na pia huuza kwa boksi la jina lao wenyewe. Kwa maoni yetu, hapo ndipo fedha hufanya kazi vizuri kuliko popote: ubora wa kiwanda bila kulipia nembo ya gari. Kuna adaptabu, yaani piesi ya kiwanda kingine chenye jina lake. Nyingine nzuri, nyingine hovyo, lakini angalau haijifichi. Kuna okazo, iliyotolewa kwenye gari lililokwisha kutumika. Na kuna bandia, ambayo mara nyingi ni adaptabu ya hovyo iliyovishwa boksi la mwingine. Kuuza adaptabu si kosa hata kidogo. Taksi ya mjini yenye miaka 20 haihitaji kila kitu cha orijini. Kosa ni kuiuza kwa jina na bei ya kitu kingine.

Upo pia ulaghai usioghushi chochote: boksi halisi, piesi halisi, ila ni ya gari jingine. Tunauogopa kuliko ule wa boksi bandia, kwa sababu hakuna ukaguzi wa karatasi wala wa nembo utakaoukamata. Lubumbashi imeukaribisha kwa namna magari yake yanavyofika. Magari ya mitumba ya Japani hushuka Dar es Salaam, hupitia Tunduma na Zambia, kisha Kasumbalesa, yakiwa na usukani kulia. Hilux nyingine zimeundwa Durban, nyingine Thailand. Mbili zinaweza kuegeshwa sambamba, mwaka mmoja, sura moja, na zisikubali piesi zilezile.

Kwa hiyo kazi huanza nyumbani, si dukani. Fungua boneti, soma bamba la chasi kwenye ukuta unaotenga injini na kabini, au kwenye nguzo ya mlango, na ulipige picha. Usitegemee karte roze, yaani kadi ya usajili wa gari, peke yake. Herufi moja ikinakiliwa vibaya inatosha kukuletea piesi ya gari lingine. Namba ya tarakimu 17 inayoanza na AHT ni ya Toyota iliyoundwa Afrika Kusini. MR0 ni ya Thailand. JT ni ya Japani iliyotengenezwa kuuzwa nje. Gari la soko la ndani la Japani halina tarakimu 17: utaona kitu kama NZE121, kistari, halafu tarakimu saba. Ingiza namba hiyo kwenye katalogi za mtandaoni kama PartSouq au Amayama, nazo zitakupa namba ya piesi pamoja na mchoro wake. Huhitaji kununua kwao. Unachukua namba, na bei yao inakupa kipimo cha kupimia ya hapa.

Namba ya Toyota ina sehemu mbili za tarakimu au herufi tano tano. Tano za mwanzo zinasema ni kitu gani, tano za mwisho zinasema ni cha gari gani. 04465 ni plaketi za breki za mbele, 04466 za nyuma, 04495 ni viatu vya breki za ngoma. 90915 ni filtri ya oili, 17801 filtri ya hewa, 23390 filtri ya mazutu (dizeli). 48510 ni amortisa ya mbele kulia na 48520 ya kushoto. 16401 ni kifuniko cha radieta. 90919 ni buji (plagi) na koili zake. Muuzaji akikuonyesha boksi la 04465 akasema "hizi zinaingia hata nyuma", shukuru na utoke. Zile tano za mwisho ndizo wengi hawazisomi, na ndizo zinazobeba gharama yote.

Kaunta kwa kaunta

Wakala rasmi wa chapa ya gari: 8 kati ya 10. Chasi huulizwa kabla ya kitu kingine, fakture inabeba namba, na hatari ya bandia ni ndogo kuliko kwingine kote. Alama mbili tumezikata kwa sababu rafu zake zimepangwa kwa ajili ya magari yanayouzwa rasmi hapa, yaani Hilux, Land Cruiser na wenzao. Mwenye Noah au Vitz ya soko la Japani ataambiwa asubiri kuagiziwa, na pengine hataagiziwa. Kwa mkanda wa taimingi wa Hilux yenye injini ya dizeli ya 1KD au 2KD tusingenunua mahali pengine. Mkanda ule ukikatika, vali hugonga pistoni, na bei ya mkanda inakuwa kitu cha kuchekesha mbele ya bei ya kichwa cha injini.

Maduka makubwa ya katikati ya mji yanayoingiza mzigo wa Dubai, China na Afrika Kusini: 6. Hapa ndipo mji mzima hununua, na hapa ndipo pa kufungua macho. Boksi la Denso, la adaptabu na la kughushi hukaa rafu moja. Muuzaji mzuri atakuwekea matatu juu ya kaunta: "Patron, hii ya Japani, hii ya China, hii ya katikati," na bei tatu. Muuzaji anayetaja bei tatu kwa uwazi tunampa alama zaidi ya yule anayeapa kwamba kila kitu chake ni cha Japani. Bei ya orijini ikishuka chini ya nusu ya ile ya maduka mengine ya mji huohuo, usitafute maelezo mengine.

Vibanda vya sokoni na kando ya barabara: 3 kwa breki, usukani na injini, 7 kwa vitu vidogo. Balbu, klipu za bampa, nati, mpira wa waipa, kifuniko cha gurudumu, nunua huko na usione haya. Kitu kikiharibika utakuwa umepoteza fedha ya soda. Plaketi za breki hapana.

Wauza okazo: 7, ukijua nini cha kuchukua. Alternata, stata, mlango, kioo, kompyuta ya injini yenye namba ileile, sanduku la gia: hivi okazo ya Japani mara nyingi hupita adaptabu mpya. Alternata iwekwe kwenye gari au benchi, isome kati ya volti 13.8 na 14.5 injini ikiwa inazunguka. Oili ya gia otomatiki ivutwe kwa kijiti: ikiwa ya kahawia na ina harufu ya kuungua, acha. Injini ipimwe kompresheni silinda kwa silinda. Kwa injini ya petroli, tofauti ya zaidi ya bar 1 kati ya silinda moja na nyingine ni ya kukataa, hata kama namba zenyewe ziko juu. Usinunue okazo ya mkanda, bomba la mpira, plaketi, amortisa wala mfuko wa hewa wa usalama. Mpira huzeeka hata rafuni, na amortisa iliyotolewa gari lenye kilomita laki moja imekwisha kufanya kazi yake.

Angalizo moja la okazo ambalo hakuna duka litakuambia: taa kubwa za Japani. Zimetengenezwa kwa nchi inayoendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wa chini huinuka upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa barabara. Kongo tunaendesha kulia, na kushoto kwetu ndiko anakotoka mwenzako. Taa ni halisi, na bado inampofusha dereva wa lori kwenye barabara ya Likasi.

Mtu wa kutumwa Kasumbalesa, Ndola au Kitwe: 5. Akiwa mwaminifu na akipewa namba ya tarakimu kumi, anaweza kuleta kitu kizuri kwa bei nzuri. Akipewa maneno ("lete plaketi za Corolla") ataleta maneno. Kurudisha hakupo, na magari ya Zambia ni ya usukani wa kulia, kwa hiyo mwenye Hilux ya usukani wa kushoto asiagize huko kitu chochote cha usukani wala nyaya bila kulinganisha namba mara mbili.

Fundi wa garaji anayekununulia mwenyewe hatumpi alama, kwa kuwa kazi yake ni nyingine. Inajulikana kwamba maduka hutoa komisyo kwa fundi aletaye mteja, na komisyo huwa nono zaidi pale ambapo faida ni nono zaidi, yaani kwenye boksi la kughushi. Mlipe fundi kazi yake vizuri, nunua piesi mwenyewe, mpe kabla hajafungua gari. Fundi mzuri atakubali. Atakachokataa kwa haki ni kubeba dhamana ya piesi uliyoleta wewe, na hilo mkubaliane mapema.

Filtri ya oili, kwa karibu

Hii ndiyo piesi ya kujifunzia, kwa sababu ni rahisi na kila gari huibadilisha. Kwa nje, bandia nyingi siku hizi zimechapishwa vizuri. Rangi na nembo hazikusaidii sana, na stika inayong'aa nayo hughushiwa. Angalia ndani.

Geuza filtri, tazama upande wenye tundu la katikati lenye nyuzi na matundu madogo kulizunguka. Nyuma ya matundu madogo kuna duara la mpira. Hiyo ni vali inayozuia oili isirudi kwenye karta, yaani bakuli la oili chini ya injini, injini ikizimwa. Isukume kidogo kwa kijiti cha meno: inapaswa kulegea na kurudi yenyewe, ikafunika matundu yote bila kuacha mwanya. Kwenye bandia utakuta mpira mgumu kama plastiki, umekaa upande, au haupo kabisa. Matokeo yake utayaona asubuhi: taa ya oili inabaki kuwaka sekunde kadhaa baada ya kuwasha, na kila mara vyuma vya injini vinasuguana vikiwa vikavu.

Vali ya pili huioni kwa urahisi. Inakaa chini ya karatasi na kazi yake ni kupitisha oili bila kuchujwa endapo karatasi imeziba au oili ni nzito kwa baridi. Springi yake ikiwa dhaifu, oili chafu hupita muda wote na filtri inakuwa mapambo. Ikiwa ngumu kupita kiasi, karatasi hujikunja na kuchanika. Kuijua lazima ukate filtri. Basi kata ile ya zamani, isiyo na thamani tena: izungushie msumeno wa chuma karibu na kitako, toa karatasi, ikunjue. Mikunjo iwe imekaa sawa, imegawanyika kwa usawa, na gundi ya kiungio iwe imeshika urefu wote. Mikunjo iliyolala upande mmoja na mwanya kwenye kiungio inakuambia kwamba oili ilikuwa inapita kando. Kitako cha hicho kichujio cha ndani kuwa cha karatasi ngumu badala ya bati si ushahidi wa bandia peke yake, kwani wapo watengenezaji wazuri wanaokitumia. Ukifanya hivi kila vidanje, yaani kila unapobadilisha oili, utajua duka lako linauza nini kuliko kwa kusoma boksi elfu moja.

Nyuzi nazo zipimwe kabla ya oili kumwagwa. Ijaribu filtri mpya kwa mkono: izunguke bila kukwaruza wala kuyumba. Pakaa oili kidogo kwenye mpira wa kuzibia, zungusha mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Inayohitaji ufunguo na nguvu ili isivuje ina kasoro ya mpira au ya bati.

Breki

Kwenye ukingo au mgongo wa plaketi nyingi za heshima kuna mstari wa herufi na namba unaoishia na herufi mbili, kama FF au GG. Herufi ya kwanza ni msuguano zikiwa baridi, ya pili zikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Zinazouzwa Ulaya hubeba alama ya E ndani ya duara, ikifuatwa na 90R. Plaketi isiyo na mstari wowote, isiyo na namba ya mzigo, yenye jina la chapa tu lililochapwa kwa wino unaofutika kwa kidole, haifai kufungwa kwenye gari lenye watu.

Kwaruza ukingo wa kitambaa cha plaketi kwa ukucha au ufunguo. Kikimomonyoka kama biskuti, kirudishe. Tazama pale kinapokutana na bamba la chuma: hakuna mwanya, hakuna gundi iliyomwagika, hakuna ufa. Linganisha na ya zamani: masikio yanayoingia kwenye kaliper yawe na upana uleule, kwa sababu plaketi yenye masikio mapana nusu milimita zaidi hukwama, inasugua diski muda wote, na unaanza kulaumu kaliper. Zote nne ziwe na unene mmoja.

Bandia haishindwi mjini kwenye foleni. Inashindwa gari likiwa limepakia, kwenye breki ya tatu au ya nne mfululizo: pedali inabaki ngumu lakini gari halisimami, na harufu inakuja. Joto limepita uwezo wa kitambaa. Ukifungua, uso wa plaketi unang'aa kama kioo. Pedali ikizama na kuwa laini ni jambo lingine, hapo tuhumu oili ya breki. DOT 3 ikiwa mpya inapaswa kuvumilia angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, DOT 4 nyuzi 230. Ikinyonya unyevu kiwango kinashuka hadi 140 na 155. Nunua chupa ndogo iliyozibwa, usinunue ya kupimiwa kutoka dumu lililo wazi. Plaketi mpya, hata ya orijini, isikaguliwe kwa kukanyaga breki ya ghafla siku ya kwanza: punguza mwendo taratibu kutoka kilomita 50 kwa saa, mara 30 hivi, ukiacha kama nusu dakika kati ya breki na breki.

Vumbi, buji na vingine

Kuanzia Mei mpaka mvua zirudi, vumbi jekundu la Katanga ndilo adui wa injini, na filtri ya hewa ya bandia ndiyo mlango wake. Ukaguzi ni rahisi mno na unashangaza jinsi usivyofanywa. Ingiza tochi ndani ya filtri mahali penye giza: mwanga upite sawasawa kama ukungu, usionekane kama nukta kali. Nukta ni tundu. Bonyeza mpira wa ukingo: uwe laini na ujirudishe. Ukingo mgumu hauzibi, na hewa hupita pembeni ya karatasi hata kama karatasi yenyewe ni nzuri. Baada ya wiki kadhaa, fungua bomba la baada ya filtri, lipanguse ndani kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka chekundu, turbo na ringi za pistoni zimeanza kusagwa. Filtri ya mazutu nayo isichukuliwe kwa mzaha kwenye D-4D, injini za dizeli za Toyota: nozeli zake hufanya kazi kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000, na chembe isiyoonekana kwa macho inatosha kuzikwaruza. Ya bandia mara nyingi hujifichua kwa kuwasha kugumu asubuhi, kwa kuwa nyuzi za sensa ya maji zinavuta hewa.

Buji zinapimika kwa mita ya umeme ya bei ya chini. Herufi R kwenye namba, mfano BKR6E ya NGK, ina maana kuna kizuizi ndani, cha kama kilo-omu 5. Weka waya mmoja juu, mwingine kwenye ncha ya katikati. Ikisoma sifuri, hakuna kizuizi, na R imeandikwa kukudanganya. Pete ya kuzibia kwenye NGK halisi haitoki kirahisi kwa vidole. Ikidondoka yenyewe, shaka. Ulimi wa chini uwe katikati kabisa juu ya ncha. Namba 11 mwishoni ni mwanya wa milimita 1.1. Iridiumu ya bandia huwa ni buji ya kawaida ya nikeli iliyochongwa ncha ikawa nyembamba. Utalipa bei ya kitu cha kilomita laki moja, nacho kitaanza kukatakata kabla ya kufika robo yake.

Kwa ruluma, yaani beringi, kuna msaada wa simu. Programu ya SKF Authenticate inakuongoza kupiga picha na kuzituma kwa wataalamu wao. Schaeffler, wenye FAG, INA na LuK, wana OriginCheck inayosoma msimbo wa mraba kwenye boksi. Tunazipenda zote mbili, ingawa muuzaji asiye na subira atakunja uso ukianza kupiga picha kaunta. Mwache akunje.

Kifuniko cha radieta kinadharauliwa kwa udogo wake. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na shinikizo la kifuniko ndilo linalopandisha kiwango hicho. Kilichoandikwa bar 1.1 chenye springi ya bar 0.5 kitamwaga maji Oktoba, na fundi atakuuzia pampu, kisha termostati, kisha gasketi ya kichwa.

Fakture, na baada ya kufunga

Neno "plaketi" peke yake kwenye fakture halina nguvu. Iandikwe chapa, namba kamili, kama ni orijini, adaptabu au okazo, siku za kurudisha, na kashe (mhuri) ya duka. Muuzaji akikataa kuandika "orijini" baada ya kuitamka mara tano, amekujibu. Ukilipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, hifadhi ujumbe. Piesi za umeme karibu kila duka halipokei zikirudi, kwa hiyo ukaguzi wake ufanyike kaunta, betri ikiwepo. Nyinginezo zirudishwe zikiwa hazijafungwa, na boksi lake, pamoja na ile ya zamani kwa kulinganisha. Kesi ikikwama na kiasi ni kikubwa, OCC ndiyo ofisi ya serikali yenye kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Nenda na piesi, si na hasira peke yake.

Oili ya injini inastahili sharti la ziada. Chini ya chupa nyingi kuna kiduara chenye mshale kinachoonyesha mwezi na mwaka chupa ilipofinyangwa. Tarehe ya kujaza iliyochapwa haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, na ikiwa ya miaka mingi baadaye, chupa hiyo imewahi kunywewa na gari lingine. Pete ya kifuniko iwe nzima na namba ya mzigo ilingane na ya katoni.

Fundi akimaliza, boksi usimwachie, kwa kuwa boksi tupu na chupa tupu za chapa nzuri zina wanunuzi. Kata boksi mahali penye namba. Chupa ya oili itobolewe chini kwa msumari. Kifuniko kipya hupatikana, lakini chupa inayovuja kitako haijazwi tena.